Deen Dayal, Msawiri wa Nizam, na Urithi wa Vioo

Kabla ya filamu kuwa utepe wa kuviringishwa na kutiwa mfukoni, picha ilikuwa kioo. Mpiga picha alibeba kamera ya mbao kubwa kama kasha, akaisimamisha juu ya miguu mitatu, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, na kila picha aliyoipiga ikakaa juu ya kipande kimoja cha kioo, kizito, chepesi kuvunjika. Aghalabu ukubwa wa kioo ndio uliokuwa ukubwa wa picha. Mtu akitaka picha ya inchi 10 kwa 12, basi kamera lazima ichukue kioo cha inchi 10 kwa 12. Juu ya kioo hicho, ambacho watu wa studio hukiita negativu, kanzu nyeupe huonekana nyeusi na ndevu nyeusi huonekana nyeupe. Mteja huondoka na karatasi yake. Kioo hubaki dukani, na ndicho mali ya kweli ya fundi.

Leo nataka kumweleza msomaji habari za mtu mmoja wa Bara Hindi aliyeacha vioo vya namna hiyo kwa maelfu, na ukoo wake ukavishika kwa zaidi ya miaka 80 baada ya yeye kufariki. Jina lake ni Lala Deen Dayal. Najua wapo watakaolisikia neno Deen wakadhani alikuwa Mwislamu mwenzetu. La, hakuwa. Hilo si dini tuijuayo sisi. Katika lugha yao neno hilo ni maskini, na jina zima maana yake ni mwenye huruma kwa maskini. Alikuwa Mjaini, mtu wa dini ile ambayo hekalu lake la marumaru nyeupe tunalipita pale Langoni, Mombasa. Lakini aliyemtukuza na kumpa cheo alikuwa mtawala Mwislamu, na hiyo ni sababu moja ya kisa chake kutuhusu sisi watu wa pwani. Sababu ya pili nitaitaja nikifika kwenye habari za wanawake.

Deen Dayal alizaliwa mwaka 1844 huko Sardhana, mji mdogo karibu na Meerut, kaskazini mwa Bara Hindi, katika nyumba ya masonara. Usonara hakuurithi. Alisomeshwa uhandisi katika chuo cha Thomason mjini Roorkee, chuo cha serikali kilichotoa mafundi wa mifereji, madaraja na barabara, na mwaka 1866 akaingia kazini Indore katika idara ya ujenzi. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo na kukadiria gharama zake. Mimi naona miaka ile ya kalamu na rula ndiyo iliyomfunza kutazama. Ukizitazama picha zake za ngome na mahekalu, kuta zimesimama wima kama zilizopimwa kwa timazi. Ni kweli kwamba kamera kubwa ya mbao ina hila yake: ubao wa mbele wenye lenzi huweza kuinuliwa peke yake, ili mnara mrefu uingie wote bila ya kamera kuelekezwa juu, na bila ya mnara kuonekana kama unaanguka nyuma. Lakini hila ni ya yule aijuaye. Kamera hiyo hiyo mikononi mwa mwingine ilitoa minara ya kulewa.

Alianza kupiga picha mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 30. Siku hizo haikuwa kazi ya mzaha. Fundi alikisugua kioo mpaka kikatakata, akakimwagia dawa ya kunata iitwayo kolodioni, akakichovya gizani katika maji ya chumvi ya fedha, kisha akakitia ndani ya kamera kingali kimelowa. Kikikauka, kimekufa. Ilimbidi apige na kusafisha katika muda wa dakika chache tu, na kama ngome iko porini, basi chumba cha giza nacho kilikwenda porini, ndani ya hema, pamoja na chupa za dawa, mitungi ya maji, makasha ya vioo na wapagazi wa kuyabeba. Wala kusafisha sio mwisho. Karatasi ya kuchapia ilipakwa ute wa yai na dawa ya fedha, ikabanwa juu ya kioo katika fremu, ikaanikwa juani mpaka sura itoke. Jua, alhamdulillahi, Bara Hindi halikosekani. Katika miaka ya 1880 vilienea vioo vikavu, vilivyopakwa dawa kiwandani na kuuzwa katika visanduku, na kazi ikawa nyepesi kidogo. Deen Dayal alifanya kazi katika zama zote mbili.

Mtawala wa Indore, Maharaja Tukoji Rao wa Pili, alimtia moyo, na Mwingereza Sir Henry Daly, aliyekuwa mwakilishi wa serikali katika nchi za Bara Hindi ya kati, alimfungulia milango. Mwaka 1882 alifuatana na mwakilishi mwingine, Sir Lepel Griffin, katika safari ya kuzunguka majengo ya kale: ngome ya Gwalior, majumba ya Datia na Orchha, mahekalu ya Khajuraho, kuba la Kibuddha la Sanchi. Picha zilitolewa katika kitabu mwaka 1886, na Griffin ndiye aliyetia maneno. Kabla ya hapo, mwaka 1885, Deen Dayal alikwisha teuliwa mpiga picha wa Lord Dufferin, gavana mkuu wa Waingereza. Hakukawia kuacha mshahara wa serikali ili ategemee kamera yake peke yake. Mtu mwenye watoto kuacha kazi ya serikali kwa ajili ya picha! Hata hivi leo wazee wetu wangemwitia kikao.

Alihamia upande wa Hyderabad, na hapo ndipo nyota yake ilipong'aa.

Wasomaji wenye asili ya Hadhramaut hawahitaji kuelezwa Hyderabad ni wapi. Babu zao wengi walikwenda huko kuwa askari wa Nizam, na mtaa wao wa Barkas upo mpaka leo. Nyumba ya Al-Quaiti, iliyokuja kutawala Mukalla, ilipata nguvu na mali yake katika utumishi huo. Walikuwapo vilevile askari wapanda farasi wenye asili ya Afrika, na mtaa mmoja wa mji ule unaitwa A.C. Guards kwa sababu yao. Nchi yenyewe ilikuwa ufalme mkubwa chini ya kivuli cha Waingereza, na mtawala wake wakati huo alikuwa Mahbub Ali Khan, Nizam wa sita, aliyezaliwa mwaka 1866 na kurithi kiti mwaka 1869 akiwa mtoto asiyejua hata kufunga kilemba.

Nizam huyu alipenda mambo matatu: kuwinda chui milia, kutunga mashairi ya Kiurdu, na kupigwa picha. Kwa lile la tatu alimpata mtu wake. Mwaka 1894 alimtunuku Deen Dayal lakabu ya Raja Bahadur Musavvir Jung. Raja ni mfalme, bahadur ni shujaa, jung ni vita kwa Kiajemi. Lakini neno la kutusimamisha ni musavvir, maana ni Kiarabu, na sisi tunalo katika taswira na kusawiri. Mwislamu alisikiapo hukumbuka kwamba Al-Musawwir ni mojawapo ya majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzitia sura. Wanazuoni wamekwisha sema mengi juu ya sura na wenye kuzifanya, na wengine wametenga picha ya kamera na sanamu ya mkono, wengine hawakutenga. Sitaingia katika uwanja wao. Nasema tu kwamba katika baraza la Nizam neno hilo lilitolewa kwa heshima, na tena Nizam alimtungia fundi wake beti za sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila namna. Majumba na taa zake za bilauri, meza za karamu kabla ya wageni kukaa, farasi, mizinga, vikosi vilivyopangwa safu, Nizam na wenziwe wamesimama nyuma ya chui waliouawa. Mwaka 1893 Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, alifika Hyderabad kuwinda na akaingia katika vioo vya Deen Dayal. Huyu ndiye aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914, na vita vilivyofuata vikafika mpaka Tanga na Taita. Mwaka 1902 alikuwa Lord Curzon na mkewe, na chui mwingine miguuni pao. Lakini wasidhani wasomaji kwamba ni vilemba na bunduki tu. Njaa ilipoikumba nchi ya Nizam mwishoni mwa karne ile, picha zilipigwa za watu waliokuja kupokea chakula, wamekonda, wameketi mchangani kwa mistari. Mwenye kulipa alitaka ionekane sadaka yake. Kioo kilichukua mbavu za watu pia.

Sasa nije kwa wanawake. Hyderabad ya zama zile, wanawake wa nyumba kubwa walitawa, Waislamu na wasio Waislamu. Picha ni kitu cha kukaa mbele ya mtu baki akikutazama kupitia kioo, na mume gani angekubali? Mwaka 1892 Deen Dayal alifungua Hyderabad studio ya wanawake peke yao. Iliwekwa nyuma ya kuta ndefu, na mwendeshaji wake alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Bibi Kenny-Levick, mke wa mwandishi wa habari. Bibi wa nyumba aliweza kuja na watoto wake na watumishi wake, akavua ushungi, akakaa kitini, na macho ya mwanamume yasimfikie.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki huishia kwenye kuta. Mimi nafikiri jambo lenyewe lilianzia zilipoishia kuta. Kupiga ni nusu ya kazi. Kioo hubaki, nacho kina uso wa bibi yule, na kutoka katika kioo kimoja waweza kuchapa karatasi moja au karatasi mia, leo au baada ya miaka 50. Karatasi ya mteja ikichanika au ikipotea, kioo bado kipo. Kwa hivyo aliyemwamini mpiga picha hakumwamini kwa saa moja ya kukaa mbele ya lenzi tu. Aliweka amana kwake, kwa wanawe na kwa wajukuu wake, watu ambao hata hawajazaliwa.

Deen Dayal alikuwa mtu wa kushika vitu kwa utaratibu, na huo nadhani ni mtabia wa idara ya ujenzi. Vioo vya duka lake vilitiwa namba na jina. Tazama pembe ya chini ya picha zake nyingi utaziona herufi nyeupe nyembamba. Ziliandikwa juu ya kioo chenyewe, na kwa kuwa karatasi hugeuza kioo, ilibidi mwandishi aandike kinyumenyume, kama mtu anayeandika kwa kujitazama katika kioo cha ukutani. Jina hilo lisitudanganye, hata hivyo, kwamba kila picha aliipiga kwa mkono wake. Alikuwa na watumishi zaidi ya 50, na wanawe wawili, Gyan Chand na Dharam Chand, walikuwa wapiga picha. Jina lilikuwa la duka, kama jina la seremala mkuu juu ya mlango uliochongwa na wanafunzi wake.

Mwaka 1896 alifungua studio Bombay, kubwa kupita zote alizokuwa nazo. Mwaka huo huo tauni iliingia Bombay. Biashara haikutulia. Picha za sherehe kuu ya Delhi ya mwaka 1903, ya kutawazwa kwa Edward wa Saba, zilikuwa kazi kubwa ya mwisho kwa baba na wanawe pamoja. Mwaka 1904 Dharam Chand alifariki, na mwaka uliofuata, 1905, mwezi wa Julai, baba naye akamfuata. Nizam Mahbub Ali Khan alifariki mwaka 1911. Mtukuzaji hayupo, mtukuzwa hayupo, na Gyan Chand amebaki na duka na makasha ya vioo.

Hebu msomaji ajitie katika nafasi ya ukoo ule. Kioo cha inchi 8 kwa 10 si kizito kikiwa kimoja. Vikiwa mia, ni mzigo wa hamali. Vikiwa maelfu, vinataka chumba, na chumba kinataka kodi, na watoto wanataka kulala. Wateja waliokuwa wakiagiza karatasi mpya wamekufa. Wakati huo wapiga picha wametupa kamera kubwa na kushika filamu. Mwaka 1948 ufalme wa Nizam wenyewe ukamezwa na India, na wale wakubwa waliokaa mbele ya lenzi wakawa watu wa kawaida. Kulikuwa na kila sababu ya kuvitupa.

Na vioo vya picha hutupwa kwa njia nyingi. Hapa kwetu pwani studio zilikuwapo tangu karne ya 19. Unguja alikuwapo A. C. Gomes, Mgoa, ambaye kadi zake za picha zimeenea dunia nzima. Mimi nimewahi kuingia nyumba moja ya Mji wa Kale nikaona Ayatul Kursi imetiwa fremu vizuri, na kwenye pembe ya kioo chake pamebaki ukingo wa rangi ya kahawia na nusu ya mkono wa mtu ameshika bakora. Mwenyeji akanieleza bila ya wasiwasi kwamba kioo kilitoka katika sanduku la marehemu babu yake. Kilikuwa na picha, wakakisafisha kwa maji ya moto. Ni kweli, maji ya moto huivua dawa ya kioo kikavu kama ngozi ya maziwa. Yeye alikuwa na hoja yake: nyumba isiyo na sura na yenye aya ni bora, na kioo ni ghali. Sikubishana naye kwake. Lakini mkono ule wenye bakora ulikuwa wa babu wa mtu, yamkini wa babu yake mwenyewe, na pasipo karatasi nyingine popote, ndio umekwisha.

Kwa wale ambao bado wanalo sanduku la namna hiyo darini, niseme mawili matatu ya manufaa, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu ni adui mkubwa. Vioo visilazwe kimoja juu ya kingine. Visimamishwe kwa ukingo kama vitabu, kila kimoja ndani ya bahasha ya karatasi safi, si ya nailoni. Upande usiong'aa ndio wenye sura, usishikwe kwa vidole wala kupanguswa kwa kitambaa kibichi. Na bibi wa nyumba aulizwe sasa, angali hai na macho yangali yanaona, ni nani huyu na nani yule, majina yaandikwe juu ya bahasha kwa penseli. Kioo kisicho na jina ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Ama vioo vya akina mama waliotawa, watunzwe kama walivyotaka kutunzwa wakiwa hai. Kuhifadhi ni kitu kimoja na kuonyesha ni kitu kingine, na idhini ya kuonyesha naona ni ya ukoo, si ya aliyeokota.

Ukoo wa Deen Dayal haukuvua vioo vyao kwa maji ya moto. Vingi vilipotea, hilo halina shaka, kwa kuwa duka lilitoa maelfu kwa maelfu. Lakini mwaka 1989 vioo 2,857 vilinunuliwa kutoka kwa jamaa zake na Kituo cha Kitaifa cha Sanaa cha Indira Gandhi, mjini New Delhi, na huko ndiko viliko. Wapo watakaosema waliuza urithi. Kwa maoni yangu, watu walioubeba mzigo wa babu yao tangu 1905, kupitia vita viwili vya dunia na kuanguka kwa ufalme, kisha wakaukabidhi mahali penye makabati, mafundi na daftari, hawana deni. Namba zile zilizoandikwa kinyumenyume ndizo zinazowasaidia watafiti leo kujua kioo gani kilitangulia kipi, na jumba gani lilikuwa limesimama mwaka gani.

Mwaka 2006 posta ya India ilitoa stempu ya kumkumbuka. Mwaka 2010 kituo cha New Delhi kikaandaa maonyesho ya picha zilizotokana na vioo hivyo, na watu wakaziona ngome za Gwalior, mabaraza ya Hyderabad, na Nizam kijana na wenziwe wa mawindo, kutoka kwenye vioo vile vile vilivyoingia katika kamera ya mbao.